Haidrokwinoni: jina la gome kwenye kopo la krimu

Ilford, mashariki mwa London, iliwahi kuwa na viwanda viwili vilivyojulikana mbali kuliko mji wenyewe. Cha kwanza kilikuwa cha picha. Kilianza 1879, Alfred Hugh Harman alipoanza kupaka jelatini yenye chumvi za fedha juu ya vioo nyumbani kwake Barabara ya Cranbrook, kikakua hadi kuijaza Roden Street na mwishowe kikachukua jina la mji kuwa jina la kampuni. Cha pili kilikuwa Uphall, kando ya Mto Roding, mali ya ukoo wa Howard, na sifa yake kubwa ilikuwa kwinini. Vyote viwili vimekwisha pale. Cha picha kilifungwa 1976 na kiwanja chake sasa kina supamaketi. Cha dawa kilinunuliwa na kampuni ya Laporte mwaka 1961, na baadaye eneo lake likajengwa nyumba za kuishi.

Watu wakielezea historia ya Ilford huviweka viwanda hivi mbalimbali, dawa huku na picha kule. Anayesoma maandishi ya kemikali zao, hata hivyo, atakuta mzizi mmoja wa neno katika vyote viwili. Uphall walitengeneza kwinini. Dawa ya kusafishia mikanda iliyouzwa kwa jina la Ilford ilikuwa, na bado ina, haidrokwinoni. Na haidrokwinoni hiyo hiyo ndiyo msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kigali anayoisikia kwenye taarifa za habari, kila shehena ya krimu za kujichubua inapokamatwa.

Jina lililozaliwa kwenye dawa ya malaria lilifikaje kwenye chumba cha giza cha mpiga picha, kisha kwenye mkorogo? Je, linatueleza lolote kuhusu kitu chenyewe? Jibu langu ni kwamba jina la kikemia ni cheti cha kuzaliwa: linasema kitu kilionekana wapi kwa mara ya kwanza, na halijui lolote kuhusu tabia yake ya ukubwani. Katika habari ya haidrokwinoni, hata cheti chenyewe kina makosa kuanzia mstari wa kwanza.

Tuanze Loja, kusini mwa Ekuado ya leo. Mwaka 1737 alipita hapo Charles-Marie de La Condamine, mmoja wa Wafaransa waliotumwa kupima umbo la dunia karibu na ikweta. Aliuchunguza mti ambao gome lake lilikuwa limeuzwa Ulaya kwa takribani miaka mia moja likitibu homa za vipindi. Huko Loja waliuita kwa Kihispania *cascarilla*, yaani kijigome. Ulaya waliliita gome hilo *quinaquina*, na La Condamine alitaka kujua neno hilo limetoka wapi. Alifungua kamusi ya zamani ya Kikechua, akakuta neno la kufanana nalo lenye maana ya vazi la kujitanda. Akakisia kwamba kinachomfunika mtu kinaweza kuwa pia kinachoufunika mti. Kwa kuwa Kikechua hurudufu majina ya mimea yenye dawa, quinaquina ikawa “gome la magome”. Maelezo haya matamu yananakiliwa mpaka leo kana kwamba Wakechua wenyewe waliyatoa, kumbe ni kisio la mgeni aliyeshika kamusi.

Zaidi ya hapo, La Condamine huyo huyo alieleza kwamba quinaquina lilikuwa jina la mti mwingine kabisa, mti wa zeri ya Peru, ambao gome lake nalo lilitumika kwa homa. Magome yalipochanganywa sokoni, jina lilihama kutoka mti mmoja kwenda mwingine na halikurudi. Kila neno la kikemia lenye mzizi huu limebeba jina la mti usio wake.

Jina la kitaalamu nalo halikusalimika. Carl Linnaeus, mwaka 1742, aliuita mti huo *Cinchona* kwa heshima ya mke wa Mtawala wa Peru, Count wa Chinchón, ambaye hadithi iliyotangazwa na Sebastiano Bado mwaka 1663 ilidai aliponywa homa kwa gome hilo. Linnaeus aliidondosha herufi h ya kwanza. Clements Markham, Mwingereza aliyesimamia kupeleka mbegu na miche ya mti huo India katika miaka ya 1860, alipigania kwa hasira herufi hiyo irudishwe, akashindwa, maana kanuni za wataalamu wa mimea hulinda tahajia ya kwanza. Mwaka 1941 A. W. Haggis alionyesha kwamba hata hadithi ya kupona kwa bibi huyo haina msingi katika kumbukumbu za utawala wa mumewe. Herufi imekosewa na hadithi imetungwa, lakini jina limekaa.

Mwaka 1820, mjini Paris, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou walitoa katika gome hilo vitu viwili vichungu. Walihitaji majina mawili, na gome lilikuwa na majina mawili tayari. Kutoka *quina* wakapata kwinini. Kutoka *Cinchona* wakapata sinkonini. Kiambishi cha mwisho kilifuata desturi mpya ya kuyapa majina ya alkaloidi mwisho mmoja, kama mofini, na neno alkaloidi lenyewe lina al-qali ya Kiarabu ndani yake, majivu ya mimea ya pwani.

Ukoo wa Howard uliingia mapema katika biashara hii, tangu miaka ya 1820, wakiwa bado Stratford kabla ya kuhamia Ilford mwishoni mwa karne ya 19. Ulikuwa ukoo wa watu wa majina. Mwanzilishi, Luke Howard, ndiye aliyeyapa mawingu majina ya Kilatini ambayo watabiri wa hali ya hewa wanayatumia hadi leo. Alifanya hivyo 1802, mchana akiwa mtengeneza dawa. Mwanawe, John Eliot Howard, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutofautisha magome: lipi lina kwinini nyingi, lipi limejaa sinkonini, lipi ni takataka iliyopewa jina zuri. Hilo lilikuwa suala la fedha na la uhai. Mfanyabiashara aliyenunua gome kwa jina tu angeweza kuuza unga mchungu usioshusha homa. (Aspirini, iliyoipa Uphall umaarufu wake wa baadaye, nayo ina jina la mmea: *Spir* ya katikati inatoka *Spiraea*, ua la mbugani Ulaya, ingawa vidonge vya Ilford havikuwahi kuligusa ua hilo.)

Kufikia hapa mambo yananyooka: gome, kwinini, kiwanda. Haidrokwinoni haikupita njia hii.

Gome la mkwinini halina alkaloidi peke yake. Lina pia asidi iliyojulikana tangu mwishoni mwa karne ya 18 na kuitwa, kwa kuwa ilitoka humo, asidi ya kwina. Haitibu malaria wala chochote. Ipo katika mimea mingi. Imo katika kahawa ya Bukoba na Kilimanjaro, na inachangia ukali unaosikika kahawa ikiachwa jikoni muda mrefu. Wakemia wangaliikuta kwenye buni kwanza, hadithi hii yote ingekuwa na majina mengine. Mwaka 1838, katika maabara ya Justus von Liebig mjini Giessen, Mrusi Aleksandr Voskresensky, ambaye baadaye alimfundisha Mendeleev, aliichemsha asidi hiyo pamoja na manganisi dioksidi na asidi ya salfa, akapata fuwele za manjano zenye harufu kali inayochoma pua. Akaziita *chinoyl*. Jöns Jacob Berzelius wa Sweden hakulipenda jina hilo, akapendekeza *chinon*. Mwaka 1844 Friedrich Wöhler alikiongezea kitu hicho haidrojeni, fuwele zikapoteza manjano na kuwa nyeupe, naye akaziita *hydrochinon*. Haidro hapa maana yake ni haidrojeni iliyoongezwa, wala maji hayahusiki.

Kwa hiyo kutoka gome moja zilitoka familia mbili zisizo na udugu. Ya kwanza ni ya alkaloidi. Mwaka 1842 Charles Gerhardt alizipasha moto alkaloidi hizo pamoja na potasi kali, akapata mafuta yaliyopewa jina la kwinolini. Muundo wake ni pete mbili zilizoshikana, moja ikiwa na atomi ya nitrojeni. Pete hizo zimo ndani ya kwinini yenyewe, na ndizo zilizotumika kuiunda klorokwini miaka ya 1930. Klorokwini, ambayo kizazi kizima cha Afrika Mashariki kinaikumbuka kwa kuwasha mwili mzima kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001, ni ndugu halali wa kwinini: jina linafanana na muundo unafanana. Familia ya pili ni ya asidi, yaani kwinoni na haidrokwinoni. Hizi hazina nitrojeni, hazina pete mbili, hazigusi vimelea vya malaria. Kilichozikutanisha na kwinini ni mti tu.

Mwaka 2020 jina la haidroksiklorokwini lilitajwa kila siku redioni kwa sababu ya UVIKO, na wasikilizaji walikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Haidroksiklorokwini, haidrokwinoni: silabi karibu zote zinafanana. Ya kwanza ni ya familia ya kwinolini, kidonge cha malaria na cha magonjwa ya viungo. Ya pili ni ya familia nyingine, na kuimeza ni hatari.

London Mashariki ina kisa kingine cha kufananisha kwa juujuu. William Perkin, kijana wa miaka 18, wakati wa likizo ya Pasaka ya 1856, alijaribu kutengeneza kwinini katika maabara ndogo nyumbani kwao Cable Street. Fomula ya kwinini ilijulikana: kaboni 20, haidrojeni 24, nitrojeni 2, oksijeni 2. Perkin aliona kwamba ukichukua molekuli mbili za kitu kinachotokana na lami ya makaa ya mawe, chenye kaboni 10, haidrojeni 13 na nitrojeni 1, ukaongeza oksijeni na kuondoa maji, hesabu inatimia. Hesabu ilitimia kweli. Alichopata ni tope jekundu lenye kahawia, na aliporudia kwa anilini akapata rangi ya zambarau iliyomtajirisha. Wakati ule hakuna aliyejua atomi za kwinini zimepangwaje. Fomula inayolingana si kitu kile kile, sawasawa na jina linalofanana.

Haidrokwinoni ilikaa bila kazi ya maana hadi 1880, mwaka mmoja baada ya Harman kuanza kupaka vioo Ilford. Mwaka huo William Abney, ofisa wa jeshi la Uingereza na mtaalamu wa picha, alionyesha kwamba inatokeza picha iliyojificha kwenye sahani ya fedha. Tangu hapo imekuwa katika karibu kila chumba cha giza. Dawa ya Ilford iitwayo ID-11 inajulikana kwa fomula yake rahisi. Kwa lita moja: gramu 2 za metoli, gramu 100 za sodiamu salfaiti, gramu 5 za haidrokwinoni, gramu 2 za boraksi. Mkanda wa HP5 Plus ukitumbukizwa humo kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, dakika 7 na nusu zinatosha. Fuwele za chumvi ya fedha zilizoguswa na mwanga hupokea elektroni kutoka kwa haidrokwinoni na kuwa fedha halisi, na fedha ya chembe ndogo namna hiyo huonekana nyeusi tititi. Haidrokwinoni nayo, ikishatoa elektroni, hurudi kuwa kwinoni, na salfaiti ile ya gramu 100 ipo humo kuidaka isiharibu kazi. Dawa ikiachwa wazi kwa hewa hugeuka kahawia. Mpiga picha wa zamani wa Ngamiani, Tanga, au River Road, Nairobi, aliyeimwaga dawa kwa sababu “imekufa” alikuwa akitazama kwa macho kile Wöhler alichokitaja kwa jina, kikienda kinyumenyume.

Kwa upande wa kwinini, Afrika Mashariki haikuwa mteja tu. Wajerumani walipanda mikwinini Amani, katika milima ya Usambara, kwenye kituo cha utafiti walichokianzisha 1902. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga bahari, gome hilo lilisagwa kuwa vidonge vya jeshi la kamanda wao, Lettow-Vorbeck, na vidonge vilipokwisha askari walinyweshwa gome lililochemshwa, kinywaji kichungu walichokipa jina la utani “Lettow-Schnaps”. Bukavu, mashariki mwa Kongo, kiwanda cha Pharmakina kimetengeneza kwinini kutoka kwa mikwinini ya Kivu, na mwisho wa jina lake ni ule ule mzizi wa *quina*. Jirani zao wa Rwanda wamefanya jambo linalonifurahisha kuliko yote katika habari hii. Kidonge kwa Kinyarwanda ni *ikinini*, wingi *ibinini*, na ni vigumu kutoiona kwinini ya Kifaransa au ya Kijerumani ndani yake. Silabi ya kwanza ilifanana na kiambishi cha ngeli, neno likaingia kwenye ngeli hiyo, likapewa wingi, na leo dawa yoyote ya kumeza inaweza kubeba jina la gome.

Sasa krimu. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliripoti wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi ambao mikono yao ilipoteza rangi kwa mabaka. Chanzo kilikuwa glavu zao za mpira, zilizotiwa kemikali ya kuzuia mpira usichakae, na kemikali hiyo ilikuwa ya ukoo wa haidrokwinoni. Haidrokwinoni huzuia kimeng'enya kiitwacho tairosinasi, na bila hicho ngozi haitengenezi melanini ya kutosha. Hivyo molekuli inayoitia karatasi weusi huinyima ngozi weusi wake, kwa njia mbili za kikemia ambazo hazihusiani. Ikitumika kwa miaka, hasa juani na kwa kiwango kikubwa, humgeuka mtumiaji: ngozi ya mashavu hupata madoa ya bluu na nyeusi, hali inayoitwa okronosisi, na kuifuta ni kazi ngumu mno. Afrika Kusini, ambako madaktari waliieleza hali hiyo katika miaka ya 1970, ilizipiga marufuku krimu hizo mwaka 1990. Tanzania, Kenya na Rwanda nazo zimepiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi. Uingereza hairuhusu krimu ya kung'arisha ngozi yenye haidrokwinoni bila cheti cha daktari, na maofisa wa halmashauri za London hukamata makopo yake madukani mara kwa mara. Ilford ya leo, yenye familia nyingi zilizotoka Bara Hindi, baadhi zikipitia Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, inaishi chini ya sheria hiyo hiyo.

Kiswahili kimelipokea jina hili jinsi gani? *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ya TUKI, iliyotoka 1990, ilikubali utaratibu wa kuyaandika maneno ya kimataifa kwa matamshi yetu, na matamshi yaliyofuatwa ni ya Kiingereza: ndiyo maana ni “haidro”. Tungalifuata Kijerumani cha Wöhler tungekuwa na “hidrokinoni”, na Mswahili wa Bukavu aliyesomea Kifaransa hayuko mbali na hapo. Sioni sababu ya kupigana kuhusu mwanzo wa neno. Mwisho wa neno ni suala jingine, nami nadhani hapo ndipo uzembe unapogharimu. Kwinini, kwinoni, kwinoli, kwinolini: viishio hivi ndivyo pekee vinavyotenganisha dawa ya malaria na kitu cha kuchomea ngozi. Mtangazaji anayesema “haidrokwinini”, au mfamasia anayefupisha kila kitu kuwa “kwini”, anaziunganisha tena familia mbili ambazo wakemia walitumia robo karne kuzitenga. Muuzaji wa krimu asiye mwaminifu hahitaji zaidi ya hapo ili aseme bidhaa yake imetokana na mmea wa dawa. Haidrokwinoni ya kiwandani leo hutengenezwa kutoka kwa bidhaa za petroli. Hakuna mti ulioguswa.

Kuna wanaosema dawa ya tatizo hili ni majina ya kimfumo, yanayoeleza muundo badala ya historia. Kwa haidrokwinoni jina hilo ni benzini-1,4-dioli: pete ya benzini, vikundi viwili vya haidroksili, kimoja mkabala na kingine. Hakuna gome, hakuna bibi wa Chinchón, hakuna kosa la Linnaeus. Mkemia hawezi kulalamika. Mnunuzi anaweza. Kwenye vibandiko vya makopo kitu hiki huweza kuandikwa *hydroquinone*, *quinol*, *1,4-dihydroxybenzene* au *benzene-1,4-diol*, na yote manne ni majina halali ya molekuli moja. Orodha ya marufuku inayobandikwa ukutani dukani au bandarini ikitaja la kwanza peke yake, mkaguzi atakuwa ameliacha kopo lipite kwa kulisoma vizuri. Zaidi ya kusoma, kuna dalili ya macho: krimu yenye haidrokwinoni ikikaa wazi hugeuka kahawia, kama dawa ya picha iliyokufa, na kwa sababu ile ile.